Kiapo cha Langoni

Watu wa Umm Qais wakitaka kumsema mtu mkaidi husema ana kichwa cha Watfa. Hawasemi kwa kutukana. Bibi huyu alijifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu, kwa sababu tu mkwe wake mmoja alitamka mezani kwamba kichwa cha mtu mzima hakishiki herufi. Aliwahi kukaa juu ya rundo la mchanga asubuhi nzima, mwavuli mkononi, mpaka jirani aliyetaka kujenga ukuta ndani ya kiwanja cha bibi akachoka na kurudi nyuma. Alizaa sita, akalea watano, na mama mkwe aliyemtesa alimzika kwa heshima ambayo marehemu hakuwahi kumpa yeye hata siku moja. Mtu wa namna hiyo ungedhani hakuna kilichomshinda. Kilikuwapo kimoja, nacho kilikuwa kilima.

Kilima chenyewe hakiko mbali. Ukisimama uani kwake unakiona, na juu yake unaona magofu ya mji wa Warumi: nguzo, ukumbi wa michezo wa mawe meusi, barabara yenye mikwaruzo ya magurudumu. Katikati ya magofu zimesimama nyumba za kijiji cha zamani, zilizojengwa kwa mawe hayo hayo ya Warumi, na moja ya nyumba hizo ilikuwa yake. Aliingizwa humo bibi harusi wa miaka kumi na saba. Alifua nguo ndani ya jeneza la mawe la tajiri fulani wa Kirumi, akakanda unga huku amekalia kichwa cha nguzo, na watoto wake wa kwanza walijifunza kutembea kwenye barabara ile ya mikwaruzo. Hakuna aliyeona ajabu. Warumi walikuwa wameondoka, wao wakaja, na mawe hayana kinyongo na mtu.

Kisha serikali ikakitaka kilima. Wageni wanaotoka mbali kuja kuona magofu hawataki kuona nepi zimeanikwa baina ya nguzo. Wanakijiji wakaahidiwa nyumba mpya chini kidogo, kando ya barabara kuu, zenye umeme na bomba. Wanaume wakakataa. Walivaa majoho yao ya heshima wakaenda mjini Irbid kupeleka malalamiko, na aliyewatangulia ni Hayel, mume wa Watfa, kwa kuwa ndiye aliyejua kusema mbele za wakubwa.

Watfa siku hiyo alikuwa na mimba ya Rihab. Maji ya kijiji yalikuwa bondeni, kwenye chemchemi, na aliyeyapandisha kila alfajiri hakuwa Hayel. Ofisa alipofika na lori na kuuliza nani yuko tayari kuanza, Watfa alimjibu kuwa yeye yuko tayari. Hakumngoja mume. Alipakia magodoro, masufuria na kuku, akapanda mbele kwa dereva. Wanawake wengine walipoona nyumba ya msemaji imehama, nao wakafungasha. Jioni wanaume waliporudi na ahadi kwamba shauri lao litasikilizwa, walikuta kijiji nusu kitupu na shauri limekufa. Hakuna aliyemcheka Hayel usoni. Walimcheka kisogoni, na hicho ndicho kicheko kinachouma.

Hakumpiga mkewe wala hakumgombeza. Lakini majuma machache baadaye alipanda kilimani kuchuma tini zake, akakuta lango la waya na mlinzi, naye mlinzi akamuuliza anakwenda wapi. Palepale, mbele ya mlinzi na mbele ya kila aliyekuwapo, Hayel alisema, "Talaka inanilazimu. Siku nitakayokanyaga ndani ya lango hili, Watfa ameachika."

Sasa, wanaume wa kule huapa kwa talaka kama watu wengine wanavyokohoa. Mgeni akitaka kuaga kabla ya chakula, mwenye nyumba ataapa kwa talaka kwamba hatoki mtu. Muuza nyanya ataapa kwa talaka kwamba zimechumwa leo. Kama kila kiapo kingeshika, nchi nzima isingekuwa na ndoa iliyobaki. Lakini Hayel hakuwa mwanamume wa kuapa ovyo. Alikuwa hajaapa hivyo kabla ya siku hiyo, na baada yake hakuapa tena. Hilo ndilo lililomkaa Watfa rohoni.

Wakaishi. Watoto wakakua, bomba likatoa maji, mara nyingine likakauka kama mabomba yote. Hayel hakukitaja kilima. Kiti chake uani kilitazama barabara, mgongo ukielekea magofu, na hakuna mtoto aliyethubutu kukigeuza. Watfa naye hakupanda. Wakija wageni kutoka Amman wakataka kuonyeshwa, aliwatuma na mtoto mmoja, yeye akabaki kupika. Nyumba aliyoingizwa akiwa bibi harusi ilikuwa umbali wa kumsikia muadhini, na hakuiona kwa karibu miaka arobaini.

Kiangazi hiki Rihab, yule aliyekuwa tumboni siku ya lori, aliandika kwenye kundi la familia la simu kwamba anakuja kutoka Sharjah na wanawe, na kwamba watoto wamesoma habari za Warumi shuleni na wanataka kuyaona magofu kwa macho yao. Ghalib, mtoto wa kwanza, ambaye hupenda mambo yaende kwa mpango, alijibu mara moja: Ijumaa twende Jerash, kuna nguzo nyingi, kuna kivuli, na vyoo ni safi. Wote wakakubali. Wakaanza kugawana: huyu alete mkaa, yule tikitimaji, huyu majani ya chai na buli, kwa sababu kwa watu wale Ijumaa bila moshi wa nyama haihesabiki.

Watfa alisoma yote hayo taratibu, kidole chini ya kila mstari. Halafu akabonyeza pa kusemea.

"Mnakwenda Jerash kutazama nyumba za watu," alisema, "na nyumba yetu ipo? Tunakwenda juu. Sote. Na baba yenu."

Baada ya kitambo Ghalib akapiga simu, sauti ameishusha ingawa alikuwa peke yake ndani ya gari.

"Mama, na kile kiapo?"

"Kiapo niachie mimi."

"Basi tufanye hivi. Tukifika, Baba abaki garini chini ya mti. Tutamwachia chai, tutamwachia redio. Sisi tunapanda, tunashuka, tunakula naye. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyevunja kiapo."

"Nikipanda bila yeye nitakuwa nimemtangulia mara ya pili," Watfa alisema. "Mara ya kwanza inanitosha."

Ghalib hakuwahi kumsikia mama yake akiigusa habari ile ya lori.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Hayel, wakiwa kwenye mkate na mafuta ya zeituni. Alimweleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa: Rihab anakuja, Ijumaa familia inapanda kilimani, nyama itatoka kwa mchinjaji wa karibu na msikiti. Hayel alichovya mkate wake, akatafuna mpaka mwisho. Akasema waende salama, yeye atalinda nyumba. Watfa akamwambia nyumba haina miguu, haitakwenda popote. Hayel akainuka na chai yake akaenda kukaa kwenye kiti chake, uso barabarani.

Basi Watfa akavaa joho lake jeusi la safari, akapanda basi kwenda Irbid, kwa mufti. Alikwenda na moyo mwepesi, maana kila mtu anajua viapo hivi huishia wapi. Mwanamume husema hakukusudia, alitaka tu kujizuia, mufti humkemea kidogo, na kafara ya kiapo hulipwa kwa kulisha maskini kumi. Watfa alikwisha kutenga mchele na kuku. Mufti alikuwa kijana mwenye ndevu fupi na subira ndefu. Alimsikiliza bibi mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba kiapo si chake. Aliyeapa ndiye aje, ili aulizwe alikusudia nini, na moyo wa mtu haujibiwi na mkewe.

Kazi ya kumtoa Hayel nyumbani ndiyo ingewashinda watu wengine wote wa Umm Qais. Watfa hakubishana naye. Alipiga pasi kanzu yake nzuri, akaitundika mlangoni pamoja na kilemba chake chekundu na cheupe, mahali ambapo mzee asingeweza kutoka bila kuisukuma. Jioni aliitoa, asubuhi akaipiga pasi tena akaitundika. Kanzu haikuwa na mkunjo hata mmoja, lakini ilipigwa pasi. Hayel aliisukuma akipita, akairudisha, akaisukuma tena. Rihab alipofika na watoto alishangaa kuona nguo mlangoni, akataka kuihamisha, na mama yake akamzuia kwa jicho tu. Siku moja mzee alisimama mbele ya kanzu ile muda mrefu. Kisha akaivaa.

"Twende tukamalize jambo hili," alisema, "kabla hujaiunguza."

Ghalib aliwapeleka. Alikaa nao ofisini, kwenye kiti cha pembeni, akichezea funguo. Mufti alimkaribisha mzee, akaulizia afya, akaulizia zeituni, halafu akamtaka arudie maneno yake kama alivyoyasema. Hayel akayarudia. Hakusahau hata moja.

"Huenda ulikuwa na hasira, Haji," mufti alisema. "Hasira ile inayomfunika mtu hata hajui anachosema."

Alikuwa anamfungulia mlango, na Watfa aliuona. Moyoni alimwambia mumewe apite.

"Nilikuwa na hasira," Hayel alisema. "Lakini nilijua ninachosema."

"Au ulitaka kujizuia tu. Ulitaka nafsi yako isiende tena pale panapokuumiza. Kutajwa kwa mke kulikuwa kukaza fundo."

Mlango wa pili huo, na mpana zaidi. Ghalib aliacha kuchezea funguo. Hayel alimtazama mufti, asimtazame mkewe.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa kaburini kesho. Siwezi kumdanganya Mungu ili nikale nyama choma. Nilikusudia. Siku ile nilitaka aachike."

Watfa alikuwa ameacha nyumbani kuku kumi tayari, akakuta hakuna wa kuwala. Maneno yale yalimwingia polepole, kama baridi inavyoingia kwenye nyumba ya mawe. Si kwamba hakuwahi kuyawaza. Aliyawaza kila alipokiona kiti kile uani. Lakini kuyawaza ni jambo moja, na kuyasikia kutoka kinywani mwa mtu uliyempikia miaka yote hii ni jambo jingine. Iliuma, akajikaza.

Mufti akakohoa. Akauliza kama iliwahi kutoka talaka yoyote kabla au baada. Haikuwahi. Akaeleza basi, kwa maneno mepesi, kwamba ndoa yao iko salama kama ilivyo, na itabaki salama maadamu mzee haingii pale. Akiingia, itaanguka talaka moja. Nayo ni talaka rejea: ndani ya eda, ile miezi mitatu ya kungoja, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila mahari wala ndoa mpya. Asipomrejea mpaka eda ikaisha, basi wameachana kweli.

"Nimefahamu," Hayel alisema. "Basi siingii."

Njiani Ghalib aliendesha gari kama aliyebeba mayai. Walipofika nyumbani Watfa hakuingia jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha uani, akakigeuza kikatazama kilima, kisha akavuta kigoda akakaa mkabala nacho. Hayel alibaki wima, amekosa pa kukaa kwa mazoea yake. Mwisho akaketi.

"Miaka yote hii," Watfa alisema, "na hukusema."

"Niseme nini? Ulijua."

"Nilijua umekasirikia nyumba. Sikujua umenikasirikia mimi kiasi hicho."

Hayel alikitazama kilima. Lilikuwa jambo geni kumwona uso umeelekea kule.

"Nyumba ni mawe," alisema. "Wewe ulipakia godoro langu kwenye lori nami sijui. Nilikuwa nimesimama mbele ya wakubwa nasema watu wangu hawatahama. Watu wangu. Na kumbe wa kwanza kuhama ni wewe."

"Nilichoka na maji, Hayel."

"Najua ulichoka na maji. Nilikuwa nakuona. Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikiri. "Halafu ungeniambia tena. Wewe si mtu wa kuambia mara moja."

Watfa alijua ni kweli. Mwanamke aliyemchosha jirani kwa mwavuli, siku ile moja hakuwa na subira ya kumchosha mumewe. Alikuwa na haki ya kuchoka, na mimi nisingemlaumu. Ni wanaume wachache waliowahi kupandisha debe kutoka chemchemi ile. Lakini haki yake haikuondoa aibu ya mwenzake. Vyote viwili vilikaa pamoja nyumba moja, na hakuna aliyewahi kuviandalia mkeka.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Ijumaa watoto wanapanda. Safari hii sikufungashii. Nakuuliza. Utakuja?"

"Hukumsikia mufti? Nikiingia umeachika."

"Nilimsikia. Niachike."

"Una wazimu, bibi wee."

"Ingia, niachike. Kiapo kife, tusizikwe nacho. Ukitaka kunirejea, unirejee. Usipotaka, Ghalib ana chumba cha wageni, na mkewe ananipenda kuliko anavyompenda mama yake. Lakini mimi sitaki tena kuwa mke kwa sababu tu hujapanda kilima."

Alisema hayo kwa sauti yake ya kila siku. Baadaye tu, jikoni, alichambua iliki zile zile mara tatu, mpaka Rihab akamnyang'anya bakuli. Hayel alijibu kwamba atafikiri. Na Watfa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alimwacha mtu afikiri.

Habari haikufichika kwa watoto. Ghalib alimpigia dada yake kutoka chumba cha pili akimuuliza waandike nini kwenye kundi: Baba na Mama wanaachana Ijumaa, msisahau mkaa? Rihab alicheka, kisha akalia, kisha akamwomba mama yake aache, waende Jerash tu, mji ule una vyoo safi. Watfa alimwambia kama anataka kulia alie akisafisha kuku. Wale kuku wa kafara ambayo haikuwapo aliwagawa kwa maskini vilevile, maana nia ya sadaka hairudishwi jikoni, akanunua wengine wa safari. Aliwatia vitunguu, limau na mtindi. Alipanga mikate, biringanya za mafuta, zulia la kukalia, birika, na mto wa mgongo wa Hayel. Mto huo aliutia garini kwanza kabla ya vyote, ingawa hakujua kama mgongo wenyewe utakuja.

Ijumaa baada ya swala Hayel alitoka amevaa kanzu. Alikaa kiti cha mbele akafunga mkanda, jambo ambalo huwa hafanyi mpaka agombezwe.

Waliegesha nje ya uzio, pale familia zote huegesha. Ghalib akamwachia mmoja wa shemeji zake moto na nyama, akaenda kukata tikiti za kuingilia. Watoto wa Rihab walikwisha kupita, wanaruka juu ya mawe. Langoni alikuwapo mlinzi kijana, mpole, ambaye alipomwona mzee alisogea kumpa mkono.

"Karibu sana, Haji. Mara yako ya kwanza kututembelea?"

"Nilizaliwa humo ndani," Hayel alisema.

Kijana akaona haya, akarudi nyuma. Hayel akabaki amesimama kwenye mstari wa lango, ncha za viatu vyake zikiwa upande huu. Upepo ulikuwa unatoka kwenye ziwa lililo chini ya kilima, unapanda bonde, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote. Watfa alisimama nyuma yake. Alikuwa na hamu ya kumsukuma mgongoni. Mikono yake ilijua kusukuma. Akaifumbata tumboni. Alijiambia kwamba hatua hii ni ya huyu mzee, na akirudi garini atarudi naye, na hatamsema, si leo wala milele, hata kama hilo litamuua.

Hayel akanyanyua mguu akaingia.

Rihab alitoa sauti ndogo. "Usinililie," Watfa akamwambia, "sijafa, nimeachika tu." Akapita lango naye, mwanamke asiye na mume, wa umri wa miaka sitini na tano, na tikiti mkononi.

Alingoja mzee aseme lile neno. Aliamini, bila kumwambia mtu, kwamba atalisema palepale, kabla hata hawajafika kwenye nguzo za kwanza. Hayel hakulisema. Alikwenda mbele, fimbo ikigonga mawe ya Warumi, akapita barabara ya mikwaruzo, akakata kushoto penye ukuta uliobomoka bila kuuliza njia. Hakugeuka. Watoto na wajukuu wakamfuata, na Watfa nyuma ya wote. Kila hatua alijikumbusha kwamba alimwambia mwenyewe, usipotaka. Neno lilikuwa rahisi alipolisema kwenye kigoda. Sasa lilikuwa zito, na hakuwa na wa kumpokea mzigo. Alimtazama mgongo yule mzee aliyepinda akawaza kwamba huenda ndivyo alivyoonekana yeye, siku ile, juu ya kiti cha mbele cha lori, akiondoka bila kutazama nyuma.

Nyumba ilikuwapo. Paa lilikuwa limeanguka upande mmoja, na mlango haukuwapo, lakini kizingiti kilikuwa kile kile, jiwe jeusi lililolainishwa na miguu. Hayel aliinama akaingia. Walimsikia ndani akitembea, akisimama, akitembea tena, akigonga ukuta kwa kiganja. Ghalib akaingia, kisha Rihab na wanawe, mtoto mdogo akiuliza kama hapa ndipo Babu alipokuwa akiishi na Warumi.

Watfa alisimama nje ya kizingiti.

"Mama, ingia," Ghalib alisema.

"Siingii. Hii ni nyumba ya mwanamume, na mimi si mke wa mtu."

Alikusudia iwe mzaha. Sauti ilikatika katikati, mzaha ukamwagika, na kila mtu akautazama ukuta.

Hayel akatokea kutoka chumba cha ndani, vumbi limemshika kilemba. Alimwangalia mkewe aliyekuwa nje ya mlango, kisha akawaangalia watoto.

"Shuhudieni," alisema. "Nimemrejea mama yenu. Nimemrejea kwa nia, kama nilivyomwacha kwa nia." Akamgeukia. "Nilichelewa kwa sababu nilitaka niseme nikiwa ndani ya nyumba yangu. Si kule kwa mlinzi. Ingia, Watfa."

Naye Watfa, aliyekuwa ameivuta familia nzima mpaka juu ya kilima kile, akaona miguu haimtii. Ilikuwa imembeba na maji, na mimba, na ubishi wa maisha yote, na sasa ilikataa kuvuka jiwe moja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Hayel akaiegemeza fimbo ukutani, akatoka nje. Palikuwa na wageni barabarani, na majirani wa chini waliokuja na mizigo yao ya Ijumaa, wote wanaona. Wanaume wa rika lake hawawashiki wake zao mikono mbele za watu. Akamshika mkono, akamvusha kizingiti, na walipokuwa ndani hakuuachia.